Bi Toyono Apanda Treni ya Kusimama

Mtaani kwetu Kurume, kusini mwa Japani, hakuna aliyewahi kumwona Bi Toyono akicheka. Alikuwa mjane mwenye duka la tambi karibu na stesheni, na akikuwekea bakuli mezani unajihisi umemkosea. Mitsuyo, mke wa mwanawe Kengo, aliogopa hata kupiga chafya mbele yake.

Kiangazi kile, sisi wenye maduka tulikwenda matembezi kwenye bustani ya michezo. Walikuwa wameleta treni mpya ya chuma, inayopanda juu kabisa, ikaporomoka, ikapinduka miguu juu, na abiria wamesimama wima.

"Kusimama?" Bi Toyono akaguna. "Si nasimama kila siku kwenye treni ya mjini? Na kule hawanipindui."

Kengo alikuwa amejigamba njia nzima kwamba atapanda na mkewe. Zamu yao ilipofika, treni ikapita juu yetu ikinguruma, viatu vya watu vikiangalia mawingu. Kengo akashika tumbo.

"Nadhani ni yule pweza wa asubuhi."

"Pweza gani? Umekula wali na chai!" mama yake akamkatiza.

"Basi mama, nitapanda mwenyewe," Mitsuyo akasema.

"Thubutu! Watu waseme mkwe wangu hana wenyewe?" Bi Toyono akageuka, akatoa meno yake ya bandia, akayafunga kwenye leso, akampa Kengo. "Shika. Au na haya yatakuumiza tumbo?"

Wakafungwa vyuma mabegani, bega kwa bega, kila mmoja na kiti kidogo kama cha baiskeli katikati ya miguu. Mimi nilikuwa nyuma yao. Treni ikapanda taratibu, tak, tak, tak, na kule juu Mitsuyo akamshika mama mkwe mkono bila kuomba ruhusa.

Tukaporomoka. Tulipopinduka, nikasikia sauti ya Bi Toyono ikimwita marehemu mumewe:

"Yasukichi-i-i! Ulikimbilia wapi? Umekosa hiki!"

Kisha akacheka. Alicheka kwa ufizi mtupu, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni, na Mitsuyo naye akaangua kicheko hadi akakosa pumzi. Treni iliposimama hawakuweza kutembea. Walishikana kama walevi.

Kengo akaja mbio na leso. "Mama, uko salama?"

"Baki nayo," akasema, maneno yakimtoka kwa upepo. "Tunarudi kwenye foleni."

Walipanda mpaka jua likaanza kuzama. Tangu hapo, kila duka lilipofungwa kwa mapumziko, wawili hao walitoroka pamoja, wakimwacha Kengo akisugua masufuria. Jikoni walianza kuchekana mbele ya wateja, na Mitsuyo akapiga chafya apendavyo. Siku moja nilimuuliza Bi Toyono kama haogopi, kwa umri wake.

"Naogopa sana," akanijibu huku akinimiminia mchuzi. "Utamu wenyewe ndio huo. Kula, tambi zinapoa."