Kidoti Namba Tisa

Mwaka ule niliishi kwa kaka yangu kule Pugu, chumba cha uani, na kazi yangu ilikuwa kuangalia vidoti.

Kaka alikuwa mtafiti wa kompyuta chuoni. Mimi niliishia darasa la saba huko kwetu kusini, sikuchaguliwa kuendelea, naye akaniita nikae kwake mpaka nipate shughuli. Shughuli haikupatikana. Kila niliyepelekwa kwake aliniuliza maswali mawili matatu, na hata lile la kwanza nililijibu kwa sauti ambayo hakuisikia.

Basi kaka akanipa daftari. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na vidoti ishirini, kila kimoja na namba yake na ubongo wake mdogo uliotengenezwa kwa hesabu. Humohumo kiooni vilitakiwa kubeba mizigo kutoka uwanjani na kuiingiza kwenye ghala lenye mlango mmoja mwembamba. Hakuna aliyevifundisha. Kompyuta ilijaribu makundi mengi. Kundi lililoingiza mizigo mingi lilinakiliwa, bongo zake zikabadilishwa kidogo hapa na pale, na lililoingiza michache likafutwa. Kisha kizazi kingine, na kingine, wiki baada ya wiki. Kompyuta ilimpa kaka jumla ya mizigo. Namna kundi lilivyofanya kazi ilitaka macho ya mtu, na mimi nilikuwa na muda.

Jumla hiyo ilikuwa imegoma kupanda. Walimu wake walimpa mpaka mwisho wa mwezi. Isipopanda, nafasi yake ya utafiti inakwisha. Aliniambia mara moja tu, huku akiigeuza feni iipulize kompyuta. Sisi tulitoka jasho.

Shemeji alikuwa fundi cherehani, alishonea barazani. Alikuwa na maneno.

"Kaka yako kasomea kuchunga vidoti," aliniambia siku moja, "na wewe shem ndo mchungaji msaidizi. Ng'ombe wenyewe hata maziwa hawatoi."

Nilicheka, maana alitaka nicheke. Lakini wiki hiyohiyo nilimsikia akimwambia jirani kwamba nyumba hii wanafanya kazi wawili na wanakula watatu. Tangu hapo nikawa napakua chakula kidogo.

Siku hizo ndipo nilipokiona kidoti namba tisa. Vingine vyote vilikwenda na kurudi na mizigo. Chenyewe kilizunguka tu mbele ya mlango wa ghala, mchana kutwa, hakibebi chochote. Nilikitazama siku tatu. Siku ya tatu niliona kwamba vidoti vilivyokuja na mizigo, vikikikuta pale, vilikunja njia kukikwepa, na kwa kukunja vile vilifika mlangoni kimoja nyuma ya kingine.

Niliona. Hilo ndilo lililotakiwa kuandikwa. Lakini mkono wangu ni mzito, na sentensi yake ilikuwa ndefu, sikujua niianzie wapi. Tena nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimempata mmoja humu ndani asiye na kazi kuliko mimi. Nikaandika: Namba tisa hakibebi kitu.

Kaka alisoma jioni ile, akavuta kiti.

"Una uhakika, dogo? Hakuna kabisa kazi kinayoifanya?"

"Hakuna, kaka."

Alikiondoa. Akasema kosa ni lake, alikuwa akilipima kundi zima kwa pamoja na wavivu wanajificha humo. Sasa kila kidoti kitapimwa kwa mizigo yake chenyewe. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo alifuta vizazi vya zamani apate nafasi.

Kesho yake mchana vidoti vilibanana mlangoni. Vilikuja vyote kwa mara moja, vikasukumana, hakuna kilichoingia. Kaka alisema tuvipe muda, vitajirekebisha. Tulivipa siku tano. Kila kizazi kilikuwa hodari zaidi kwa kusukumana.

Alirudisha kipimo cha kundi, akaanza upya kabisa. Alingoja kidoti cha kuzunguka kitokee tena bila kujua kwamba ndicho anachokingoja. Hakikutokea. Vitu hivyo hutokea kwa bahati, na bahati ile tulikuwa tumeifuta. Nilikaa pembeni yake na daftari mapajani, nikaandika, kizazi baada ya kizazi: vimebanana. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia. Nilikuwa nakohoa kidogo kusafisha koo, naye anageuka kunitazama, namwambia maji yameisha kwenye ndoo.

Mwisho wa mwezi alirudi kutoka chuoni mapema, saa saba. Alimwambia shemeji wamemwondoa. Amepata nafasi ya kufundisha kompyuta sekondari moja huko Songea, ataanza Jumatatu. Shemeji aliacha kitambaa kwenye cherehani, akaingia jikoni. Hakunitupia neno. Alipopakua, alinipakulia mimi kwanza, nyama mbili, na hilo liliniuma kuliko maneno yake yote.

Nilimwambia kaka Jumamosi, alipokuwa akifunga vitu vyake. Sikumtazama. Nilieleza namna kidoti namba tisa kilivyokuwa kikizunguka na vingine vilivyojipanga kwa sababu yake. Ilinichukua muda mrefu.

"Uliona lini?"

"Kabla hujakiondoa."

"Mbona hukuandika?"

Nilitaka kumwambia habari ya wale wawili na watatu, lakini ingekuwa kama kumsingizia mkewe. Nikasema sijui.

Alikaa kitandani na waya mkononi. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Baadaye akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kazi, kilikuwa kikizunguka kuelekea upande gani.

"Kushoto," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kukunja waya.