Mtani Aliyewataja Mbuzi wa Pepo

Nimelala katika nyumba nyingi tangu nilipotoka kijijini kwetu Bodo: Tanga, Lamu, hata Kigoma. Na katika kila nyumba ya ugenini nikiamka husikiliza kwanza, nani yuko jikoni, na nani yuko naye? Ni tabia niliyotoka nayo nyumbani. Dada yangu mkubwa alikuwa na kifafa, na mafiga yetu hayakuachwa naye peke yake hata kwa muda wa kuchota maji. Mkononi alikuwa na kovu la uji wa moto, la siku ambayo mama aligeuka tu kumwita muuza samaki.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa nimemaliza sekondari, sina kazi, nikapata kibarua cha kumsaidia daktari mmoja kijana kutoka bara. Alikuwa akizunguka vijijini kuuliza familia zenye wagonjwa wa kifafa na wa akili, ugonjwa unawagharimu nini. Vidonge vya kifafa tulivipata hospitali ya Msambweni tu. Dada aliwahi kuvimeza, akakaa bila kuanguka. Vilipokwisha, safari ikatushinda, kwa kuwa ilitaka watu wawili wa kumshika, na baba alikuwa akikata miwa Ramisi. Wakubwa wa serikali walisema kuvileta katika zahanati za vijijini ni ghali. Daktari alitaka kuwaonyesha kwamba kutovileta kuna gharama kubwa zaidi, ila wanaoibeba ni watu majumbani. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri Kidigo, lakini nilichokitaka ni kimoja: vidonge vifike Bodo.

Tulipofika kwetu mama alikuwa akishona makuti, dada kando yake.

"Shikamoo mama," daktari alisema. "Hii ugonjwa imewamalizia pesa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Hatujatoa kitu, alhamdulillahi."

Nyumba zote zilikuwa zimejibu hivyo hivyo. Kwetu kifafa husemwa ni pepo, na alichopewa pepo ili atulie hakitajwi tena na aliyekitoa. Kukitaja ni kukidai, na pepo akidaiwa hukirudisha pamoja na ugonjwa wenyewe. Nilikuwa nimemweleza daktari jambo hilo njiani. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Nakuamini. Lakini siwezi kuandika maneno yako mahali pa maneno ya mama." Akaandika sufuri. Nikaona vidonge vya dada vinatoweka ndani ya ile sufuri.

Hapo ndipo tuliposikia hodi ya mtani wetu, mama wa ukoo jirani. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wageni, nawe huna ruhusa ya kununa.

"Naona leo kwa hawa maskini kumeingia viatu!"

"Karibu mtani," mama alimjibu. "Njoo uwaone watu wanaooga."

Nilimwambia tulichokuwa tukiuliza na jibu la mama. Akapiga makofi.

"Hajatoa kitu? Bwana daktari, huyu ni mwongo tangu kuzaliwa. Liangalie zizi lile. Mbuzi wote wameliwa na pepo! Jogoo je? Kanga mpya je, hata hazijaona maji? Pepo wa nyumba hii amenenepa, mume ndiye aliyekonda!"

"Nyamaza, mwizi wa madafu wee!" mama alisema, lakini midomo ilikuwa ikimcheza.

"Na shamba lake la mpunga sasa ni la nguruwe mwitu. Yeye kutwa yuko hapa anamtazama binti yake kama chungu cha maziwa kilicho motoni."

Daktari aliinua kalamu. "Ngoja. Hebu rudi hapo kwa shamba."

Mtani akarudi, akaeleza misimu ambayo mama hakulima, na makuti aliyoshindwa kuyapeleka sokoni. Daktari akamgeukia mama. "Ni kweli, mama?"

Mama alivuta uzi wake taratibu. "Mtani hakatazwi kusema."

Daktari akaifuta sufuri. Tangu hapo, katika kila nyumba tuliuliza kwanza, "Mtani wenu ni nani?" Tulicheka sana katika kazi ile, tukarudia hata nyumba za mwanzo.

Sikungoja jibu la wakubwa. Miguu iliniwasha, nikaenda Tanga.

Niliporudi, baada ya masika, sikumkuta mtu barazani. Makuti yalilala, hayana mshonaji. Nikakimbilia jikoni. Dada alikuwa peke yake mbele ya moto, akisonga sima.

"Mama yuko wapi?"

"Mpungani."

"Na nani yuko nawe?"

"Wewe." Akacheka, akanionyesha kwa mwiko kikopo cha vidonge kilichokuwa juu ya kabati. "Vinatoka hapo zahanati siku hizi. Jana mtani alikuja kuuliza pepo sasa anakula wapi."

Nilibaki mlangoni nikiutazama mkono wake wenye kovu ukizunguka juu ya moto.

"Mimi si chungu cha maziwa," alisema. "Kaa, utakula."

Nikaketi kizingitini, nikampa mgongo, nikamwachia moto wake.