Mkwe Hatupiwi Mpira

Mwalimu Koleta anafundisha hesabu kwenye chuo chetu cha ualimu hapa Nachingwea, na ndiye kocha wa timu ya wavulana ya mpira wa kikapu. Mimi nafundisha Kiswahili. Mpira wa kikapu naujua kwa sababu dirisha la darasa langu linatazama uwanjani, na kioo chake kimeshavunjwa mara nyingi kiasi kwamba nina haki ya kuuzungumzia.

Koleta ni mama mfupi, mnene kiasi, mzaliwa wa upande wa Ruangwa, aliyejifunza mchezo huo kwa masista alipokuwa sekondari. Ukimkuta sokoni anachagua nyanya utamwona mpole. Mvalishe filimbi shingoni ndipo utamjua. Mwakani anastaafu, na kwa miaka yote aliyofundisha, timu yake haijawahi kufika mashindano ya kanda. Kila mwaka inatolewa mapema, na kila mwaka anarudi amekaa kiti cha mbele kwenye basi, hataki kusemeshwa. Safari hii alitaka afike kanda, mara moja tu, halafu akalime ufuta wake kwa amani. Alilisema hilo ofisini mpaka tukachoka kulisikia.

Na safari hii watu alikuwa nao. Alikuwa na Swalehe, kijana wa Marambo, mrefu wa kuinama mlangoni, anayesimama chini ya ringi na kufunga. Alikuwa pia na Harithi wa Chunyu, mdogo wa umbo, aliyekuwa pointi gadi wake, yaani yule anayeupandisha mpira kutoka nyuma, anawapanga wenzake kwa sauti na kuamua nani apewe. Koleta aliwahi kuniambia kwamba pointi gadi ndiye akili ya timu, wengine wote ni mikono na miguu. Harithi alikuwa akimwita Swalehe jina huku anatazama pengine, anaurusha mpira juu, na Swalehe tayari ameshafika. Mimi niliyekuwa nasahihisha insha nilikuwa naweka kalamu chini nitazame.

Mambo yaliharibika, na yaliharibika kwa jambo la heri. Raudha, mtoto wa dada yake Swalehe, alikuja siku moja kumletea mjomba wake mihogo ya kuchemsha. Harithi akaila ile mihogo, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuuliza Marambo kuna habari gani. Baada ya muda akamwendea Koleta, akamwomba awe mshenga wake. Koleta alifurahi kama ameposwa yeye. Akavaa kitenge kipya, akaenda Marambo na wazee wa Chunyu kupeleka posa.

Kwa akina Swalehe, kama kwa wengi wetu huku kusini, mwenye kauli juu ya binti ni mjomba wake. Kaka zake Swalehe walishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo aliyekalishwa kwenye mkeka kupokea posa ni Swalehe huyo huyo, mtoto wa mwisho wa tumbo lile, kwenye kanzu ya kuazima iliyomwishia magotini. Akaitikia. Koleta alirudi anacheka, anatuambia kwamba sasa wachezaji wake wawili wamekuwa ndugu, hivyo watachezeana vizuri zaidi. Na sisi walimu wenzake, watu wazima tuliozaliwa huku huku, tukacheka naye. Arusi ilipofika tukala pilau. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Mazoezi ya kwanza baada ya arusi nilikuwa dirishani. Harithi aliupandisha mpira vizuri kama kawaida. Swalehe akawa amesimama peke yake chini ya ringi, mkono juu. Harithi akainamisha macho, akampa mpira mwenzao mwingine, Alfred. Koleta akapiga filimbi, akawarudisha nyuma waanze upya. Ikawa vile vile. Akapiga tena, akafoka. Safari ya tatu Harithi aliushika mpira, akatembea nao mpaka mbele ya Swalehe, akainama kidogo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Timu nzima iliangua kicheko, isipokuwa wao wawili. Nikamwona Koleta anaitoa filimbi mdomoni taratibu, na hapo na mimi nikaelewa.

Mjomba wa mkeo ni mkwe wako, hata kama mlikuwa mnalala bweni moja na kuazimana ndala. Humwiti jina. Humkazii macho. Ukiwa na kitu cha kumpa, unampa kwa mikono miwili umeinama, au unampitishia kwa mtu. Kumrushia kitu ni kumtukana yeye na dada zake wote. Heshima hiyo hulegea akishazaliwa mtoto wa kwanza, na arusi yenyewe ilikuwa bado mbichi. Koleta alikuwa anayajua yote hayo. Marehemu mumewe alikuwa akimwona mjomba wa Koleta anaingia uani, anatokea mlango wa nyuma. Lakini mtu akishawatazama vijana kama wanachuo, anasahau kwamba wana kwao.

Kukawa na wiki chache tu kabla ya mechi ya kutafuta nafasi ya kwenda kanda, ambayo ingechezwa Ruangwa dhidi ya chuo kimoja cha kule pwani. Koleta akaanza kutafuta pointi gadi mwingine. Akamjaribu Filbert, kijana wa Dar aliyeletwa huku na masomo. "Niamini mimi, madam, nakiwasha," Filbert alimwambia, na kweli alikiwasha. Alipiga chenga kila mtu, wakiwemo wa timu yake, na mpira hakumpa mtu. Akamjaribu Alfred, kijana mtiifu wa kupindukia, ambaye kila akishika mpira alimtazama Koleta aambiwe ampe nani, na wakati anasubiri jibu ananyang'anywa. Akafikiria kumweka Swalehe benchi. Lakini bila Swalehe chini ya ringi tungekuwa tunawapelekea wenzetu mpira kama tunarudisha kitu cha kuazima.

Mwishowe alimwita Swalehe ofisini, mimi nikiwepo, akamwomba amfungulie mkwe wake mwiko huo, kwa ajili ya uwanjani tu. Alimwomba kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake.

Swalehe alikaa, magoti yamefika kifuani kwa udogo wa kiti. "Madam, mimi kwetu ni kitinda mimba," akasema. "Nimetumwa dukani mpaka na watoto wa dada zangu. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu mzima ananiheshimu. Nikimfungulia kwa ajili ya mpira, dada atasema hata huo ujomba nauchezea."

Koleta alimwambia aende zake. Akanigeukia, akaniuliza nina mawazo gani. Nilimwambia amwombe Mungu, akanitazama kwa hasira, na nilistahili.

Akaamua hivi: Harithi abaki pointi gadi, na kila mpira wa Swalehe upitie kwa Alfred. Harithi kwa Alfred, Alfred kwa Swalehe, kama vile mtu anavyompitishia mkwe sahani ya wali. Walifanya mazoezi ya namna hiyo mpaka ikaanza kufanana na mchezo. Ulikuwa mchezo wa polepole, lakini hakuna aliyemkosea mwenzake.

Siku ya mechi Ruangwa ilijaa. Watu wa Chunyu walikuja kumwona kijana wao, na pamoja nao alikuwepo Mwanaima, mama yake Raudha na dada mkubwa wa Swalehe, aliyekuwa amekuja Chunyu kuwasalimia wakwe zake. Walimkalisha mbele, kwenye kiti cha plastiki, kwa heshima. Harithi alipomwona alizunguka uwanja mzima ili asipite mbele yake.

Ule mpango wa Alfred ulifanya kazi mpaka karibu na mwisho, wale wa pwani walipoushtukia. Wakamwacha Swalehe, wakamzingira Alfred watu wawili. Tulikuwa nyuma kwa kikapu kimoja, na kikapu cha kutokea mbali kingetupa ushindi, ila hatukuwa na mfungaji wa kutokea mbali. Ikafika sare kwa kubahatisha kwa Filbert. Halafu Harithi akanyang'anya mpira katikati ya uwanja, na zikawa zimebaki sekunde za kuhesabu kwa vidole. Alfred alikuwa amefunikwa hata haonekani. Filbert alikuwa ameanguka. Swalehe alikuwa peke yake chini ya ringi, na mkono wake, kwa mazoea tu, ulikuwa juu.

Harithi akasimama na mpira. Hakumtazama Swalehe. Alimtazama Koleta.

Nilikuwa nimekaa karibu naye na nilimwona. Miaka yote ile ilikuwa usoni mwake, kila safari ya kiti cha mbele. Angeweza kunyamaza. Mpaka leo najiuliza kama mimi ningenyamaza.

"Mrushie," Koleta akasema. Hakupiga kelele, lakini uwanja ulikuwa umetulia na kila mtu alisikia. "Harithi, mrushie mpira."

Harithi akaurusha, kwa nguvu zake zote, kama mtu anayetaka jambo liishe haraka. Ukampiga Swalehe viganjani, Swalehe akageuka, akafunga. Filimbi ikalia. Wanachuo wakaingia uwanjani, wakambeba Alfred kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Tulikuwa tumefuzu kwenda kanda.

Swalehe alichukua shati lake akaenda kusimama nyuma ya lori lililoegeshwa pale. Harithi alikaa chini pale pale alipokuwa. Na Mwanaima akanyanyuka kwenye kile kiti, akajitanda kanga yake vizuri, akaondoka bila kumuaga hata mwenyeji wake. Kesho yake alikuja Nachingwea, kwenye chumba walichopanga Harithi na mkewe, akamchukua Raudha, akarudi naye Marambo.

Mshenga ndiye anayeitwa mambo yakiharibika, lakini Koleta hakungoja kuitwa. Tulikwenda naye Marambo Jumamosi. Harithi tulimwacha barabarani kwenye kibanda cha chai, kwa sababu hakuruhusiwa kufika pale nyumbani. Tukamkuta Mwanaima uani anapepeta ufuta. Alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka, akatuletea maji ya kunawa. Swalehe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pa mjomba, ametazama chini. Raudha hatukumwona, ila tulimsikia ndani anakohoa kile kikohozi cha mtu aliyelia.

Koleta aliomba radhi kwa niaba ya kijana. Alisema kijana ana adabu, hata watu wa bwenini wanajua. Mwanaima alisikiliza huku anatoa mawe kwenye ungo. Halafu akauliza, "Mwalimu, nani alimwambia amrushie mjomba wa mkewe kitu, mbele za watu, kama anamrushia mbwa mfupa?"

Nilijua Koleta angejibu nini, na nilitamani nimzuie. Alidhani akilibeba kosa, mtoto wa watu atapona.

"Ni mimi, Mama Raudha. Kosa ni langu mimi. Yeye alinitii tu."

Mwanaima akauweka ungo chini. "Ndiyo," akasema. "Nilisikia kwa masikio yangu, nikasema labda nimesikia vibaya. Basi huyo mume anakusikiliza wewe kuliko sisi. Kesho ukimwambia amwache mwanangu, si atamwacha?"

Tukaletewa ugali na kisamvu, tukala, kwa sababu kutokula kungekuwa kosa jingine.

Tulipoaga, Swalehe alitusindikiza hadi kwenye mikorosho, mahali ambapo dada yake hawezi kutuona. Alisimama akachuma jani, akalikunja kunja.

"Madam, mimi ningemsamehe pale pale," akasema. "Mkono niliunyanyua mwenyewe. Lakini nikisema hivyo mbele ya dada, sitakuwa mjomba wa mtu tena. Na kanda siendi. Nitaendaje kucheza naye, mtoto wetu yuko ndani analia?"

Koleta alimtazama juu, kwa urefu ule wote. Nilidhani atambembeleza. Badala yake alimwambia arudi haraka, asije akaonekana anazungumza na sisi kwa kujificha. Swalehe akarudi. Tukatembea hadi barabarani.

Harithi alipotuona alisimama. Chai yake ilikuwa imepoa kwenye kikombe, hajaigusa. Nilijiandaa kwa swali kuhusu mkewe, lini atarudi, wamesema nini. Nilikuwa natafuta uongo wa kumpa.

"Madam," akasema, "mkwe wangu hakuumia mkono? Maana ule mpira niliurusha kwa nguvu sana."

Koleta akakaa kwenye benchi la kibanda, akalia mbele ya muuza chai na wapita njia. Harithi akabaki amesimama, hajui amshike au asimshike, na mimi pia nilikuwa sijui.