Hata Maiti Inapata Tatu

Bado sijakubali, jamani. Nimeandika "Vestine ametutoka" mara nne, na mara nne nimefuta.

Wengi wenu mlimjua kama bibi mkali wa Rubona mwenye miwani ya kamba. Mimi nilimjua akiwa nesi mwenzangu hapa Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tunakwenda kazini tukisikiliza risasi zinalia upande gani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima mtu aliyepoteza fahamu. Mwite jina. Minya kucha kwa kalamu. Mulika macho. Mmoja anapima na kutaja alama kwa sauti, mwenzake anaandika: macho, maneno, mikono, kila kimoja kinaanzia alama moja, hakuna sifuri.

Nikitaja tatu, alikuwa ananicheka. "We, usimusifu mugonjwa. Hata maiti inapata tatu!"

Halafu ule mtihani wa mkono. Unauinua mkono wa mgonjwa juu ya uso wake, unauachia. Aliyezimia kweli, unamwangukia usoni. Anayejifanya, mkono utakwepa pua.

Asubuhi moja wakamleta mama muuza viazi kutoka Mudende, kimya kabisa, damu kwenye kitambaa cha kichwa. Nyuma yake akaingia mwanaume mwenye bunduki. Hatukujua ni wa upande gani, na siku zile hakuna aliyeuliza.

"Huyu mama aliona watu," akasema. "Akiamuka, atanielezea." Akasimama mlangoni.

Ilikuwa zamu yangu kupima. Nikauinua mkono, nikauachia. Ukakwepa pua.

Na mimi, mjinga, nikafungua mdomo nitaje kwa sauti kama nilivyozoea! Mungu wangu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Vestine akanisukuma kwa bega. "Toka hapo, we hujue kupima!" Akasimama kati ya kitanda na mlango, akaushika ule mkono, akaubwaga yeye mwenyewe usoni kwa yule mama.

"Macho, moja. Maneno, moja. Mikono, moja. Andika tatu!"

Nikaandika. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Tatu ni nini?" mwanaume akauliza.

"Bon, chef, ni ya chini kabisa. Huyu iko naenda."

Akasogea, akamkandamiza wayo kwa mtutu wa bunduki. Mama hakutikisika. Niliyetikisika ni mimi. Kisha akasema atarudi kesho, akatoka.

Vestine akamwinamia yule mama, akamwambia kwa Kinyarwanda, "Humura." Usiogope. Halafu yeye mwenyewe akakaa sakafuni, akaanza kunigombeza kwa nini chai imepoa.

Mchana ule ule yule mama alitoka kwa mlango wa nyuma, amevaa koti jeupe la Vestine.

Kesho yake mwanaume akarudi kweli. "Alikufa," Vestine akamwambia, wala hakuacha kukunja bandeji. Mwezi mzima nilikuwa naruka mlango ukigongwa. Yeye pia aliruka, ila alijua kuficha.

Juzi alianguka jikoni kwake. Nikamkuta ICU. Daktari kijana akampima, akataja kwa sauti: tatu.

Nikaomba waniachie dakika moja. Nikainama sikioni mwake. "Vestine, wameondoka. Mulangoni hakuna mutu."

Nikauinua mkono wake juu ya uso. Ndugu zangu, niliogopa kuliko siku ile ya bunduki. Nilikaa nao muda mrefu, ukiwa na joto bado, sitaki kuuachia.

Nikauachia. Ukaanguka juu ya pua.

Dada yangu, safari hii hujifanyi. Humura. Lala salama, mlangoni nitasimama mimi.