Fukwe za Barbados, Mnara wa Mbaraki

Miaka sita niliuza safari za ng'ambo katika ofisi moja ya orofani pale Makadara, na kisiwa nilichokiuza vizuri kuliko vyote ni Barbados. Sijawahi kufika. Lakini nilikuwa nimekihifadhi kama zile sura fupi za Kurani tulizofundishwa chuoni: mchanga mweupe, kasa wanaoogelea pamoja na wageni, pango linalotona maji, samaki warukao wanaokaangwa kando ya bahari kila Ijumaa jioni.

Mazoezi nilifanyia nyumbani, Mji wa Kale, mbele ya nyanya yangu mzaa mama. Alinisikiliza huku akitunga asumini, na hakukosa la kunitania.

"Samaki wa Ijumaa? Hapo Makadara wamekwisha?"

Kisha angerudia lake lile lile. "Mimi nipeleke Mbaraki tu, mwanangu, nikauone mnara kabla macho hayajafunga."

Utotoni mamake alikuwa akimpeleka huko, kunyunyiza marashi chini ya ule mnara wa kale wa mawe. Presha ya macho ilikuwa imeshaanza kumla mwanga, na sote tulijua.

"Inshallah, Nyanya. Ijumaa ijayo."

Kwetu hiyo ni ahadi, na pia ndiyo njia ya adabu ya kukataa. Nilijua vyema nilikuwa nafanya lipi. Yeye aliichukua kuwa ahadi. Kila Ijumaa baada ya adhuhuri alilifukiza buibui lake udi, akatia chupa ya marashi mkobani, akakaa karibu na mlango. Nami nikirudi magharibi nilidhani harufu ile ni manukato ya Ijumaa tu. Hakuniuliza hata siku moja. Mtu mwenye haya kama yeye hamkumbushi mwenziwe inshallah yake.

Majuto ni mjukuu, na nyumbani kwetu mjukuu ndiye mimi. Siku daktari aliposema mwanga hautarudi, mama ndiye aliyenieleza habari ya ile chupa. Nililia nikiwa nimesimama jikoni. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikampakia Nyanya kwenye tuktuk. Safari yenyewe haikutimia nusu saa.

Pale Mbaraki alinyunyiza marashi yake, akapapasa jiwe kwa viganja viwili.

"Waona nini? Nambia, kama unavyowambia wageni wako."

"Ni mnara, Nyanya. Mrefu. Wa mawe. Umeinama kidogo, na..."

Nikakwama. Nimezaliwa kisiwa hiki na sikuwahi kuutazama mnara ule. Hata wakati huo nilikuwa namtazama yeye, buibui lake likinukia udi.

Alingoja, kama alivyozoea kuningoja. Kisha akanitafuta mkono, akaushika.

"Basi, usijisumbue," akasema. "Nieleze Barbados. Hiyo waijua."

Nikaanza na mchanga mweupe.