Kisanduku cha Sauti kwa Mkono wa Vidole Vitatu

Winchi ya bandarini, nilikokuwa kibarua, ilininyang'anya vidole viwili vya mkono wa kushoto, muda mfupi baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga gitaa wa bendi yetu ya Likoni, na harusi za kwetu hazikufana bila sisi. Jeraha halijafunga vizuri, kiongozi wa bendi akaja kunitazama. Alileta machungwa, akanipa pole, kisha akasema amekwishapata mtu wa kushika gitaa.

"Wewe utatupigia manyanga," akaniambia. "Na mkono huo uufunge kitambaa. Harusini watu hawapendi kutazama misiba."

Nikamjibu kwamba manyanga sipigi na kitambaa sifungi. Akatabasamu, akaenda zake.

Sikuwa najigamba bure. Kule bandarini niliwahi kumwona baharia mmoja kalaza gitaa mapajani. Hakubonyeza nyuzi kwa vidole. Alitelezesha kipande cha chuma juu yake, na gitaa likalia kama mtu aimbaye bila maneno. Vidole vitatu vyatosha kushika chuma. Meli yake iliporudi nilimtafuta, akaniuzia gitaa lile, lenye sumaku chini ya nyuzi na waya wa kuchomeka kwenye mashine ya kukuza sauti. Mashine yenyewe hakuwa nayo.

Nilijifundisha miezi mingi, nimekaa barazani, hadi vidole vilivyobaki vikaota sugu. Lakini siku niliyolipeleka kwenye harusi ya jirani, ngoma zilipoanza sikujisikia hata mimi mwenyewe. Bibi mmoja akamuuliza mke wangu, "Mumeo yule kalala na ubao mapajani?" Wanawake wakacheka. Mke wangu hakucheka. Tulipofika nyumbani akasema, "Bwana, kesho vuka uitafute hiyo mashine."

Nikavuka kwa feri. Katika duka kubwa la mjini, muuzaji alinionyesha mashine inayong'aa, ndefu kama kabati, ya kutumia umeme. Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna umeme. Akasema utakuja tu. Nikaomba nichomeke gitaa nisikie. Akautazama mkono wangu.

"Hizi si za kujaribiwa na kila mtu. Na kwa mkono huo utapiga nini?"

"Utakachokikosa," nikamwambia, nikakunja waya wangu nikatoka.

Watu wa bandarini walinielekeza kwa fundi wa redio, Mhindi wa makamo aliyekuwa na kibanda Changamwe, karibu na reli. Yeye hakuuliza habari ya mkono. Alinipa kigoda, akaniwekea mashine mbili, zote za kutumia betri ya lori. Ya kwanza ilikuwa na tarumbeta kubwa la bati, ya kutangazia watu barabarani. Ya pili ilikuwa kisanduku cha mbao, kimo chake hakifiki goti, chenye spika ya karatasi nyeusi.

Nilipiga uzi mmoja tu, nikautelezeshea chuma polepole, kisha nikatulia niusikie unavyokufa. Kwenye tarumbeta uzi ulipiga kelele kama bati linalokwaruzwa, kisha ukakatika. Kwenye kisanduku ulipungua taratibu, ukawa mwembamba kama moshi wa ubani, na hata nilipodhani umekwisha, bado ulikuwapo.

"Hicho ni cha sebuleni," fundi akanionya. "Harusini watakucheka. Chukua tarumbeta, lina nguvu."

"Fundi, mimi sitangazi mnada."

Akakifunga kisanduku kwa kamba, akaniuzia na betri yake.

Mjomba wangu alipomwona mke wangu amejitwika betri kichwani, siku tulipokwenda harusini kwa binamu wa mke wangu, alitusimamisha njiani. "Mpwangu, vidole vimekwenda, sasa wataka na heshima iende? Mkeo amekuwa mchukuzi?"

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Shikamoo, mjomba. Miaka yote mwaniona nikibeba maji na kuni, na hapakuwa na aliyeona aibu." Akapita.

Bendi yangu ya zamani ndiyo iliyoalikwa. Nilingoja hadi wapigaji walipoketi kula, alasiri. Nikakiweka kisanduku juu ya meza, sio chini, kwa maana sauti ikikaa chini humezwa na miguu ya watu. Nikakunja mikono ya kanzu yangu yote miwili, vidole vikaonekana na pengo likaonekana, nikaanza.

Kwanza waliacha kuzungumza waliokuwa karibu. Kisha wanawake wakatoka ndani, mmoja bado ameshika upawa. Bibi aliyesema nimelala alisogea akaketi mkekani mbele yangu, akafumba macho. Mikono ilinitetemeka, lakini mkono unaotetemeka juu ya chuma huifanya sauti iwe tamu zaidi, na hilo tarumbeta la bati lisingeliweza.

Kiongozi wa bendi alikuja akipangusa vidole. "Kumbe. Basi rudi, tupige pamoja. Ukae nyuma ya ngoma."

"Nyuma sikai," nikamwambia.

"Basi wapi?"

"Popote nitakapoketi, ndipo mbele."

Hakurudia kuniuliza. Tukawa wawili, mimi na mke wangu: mimi na gitaa, yeye akiimba nyimbo za harusi alizofundishwa na mamake. Tuliitwa Mtongwe, tukaitwa Changamwe, hata Mikindani kwa Wakristo waliotaka tuwapigie siku ya ubatizo.

Mwaka wa tatu karatasi ya spika ilichanika. Mke wangu akaiziba kwa gazeti na uji wa unga wa ngano. Tangu hapo kila sauti ya chini ilitoka na mkwaruzo, kama mtu mwenye mafua. Wengi walinishauri ninunue kipya. Niliwasikiliza kwa adabu, nikaendelea kupiga kwa kisanduku kile kile, nacho kina pengo lake kama mimi.