Joka Lenye Zipu Mgongoni

Juzi nilipeleka gari kwa fundi mjini Kericho. Alipofungua boneti, harufu ya asidi ya betri ikanipiga puani, ile harufu kali inayong'ang'ania nguo hata ukizifua mara mbili. Fundi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, lakini moyoni nilikuwa nimeshafika kwetu Kedowa, miaka ya tisini, nimekaa sakafuni kwa Baba Wambui nikingoja joka litokee.

Sisi tulikuwa na majani chai na ng'ombe wawili. Baba Wambui, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na duka, na nyuma ya duka sebule, na ndani ya sebule runinga ndogo isiyo na rangi, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ilitumia betri ya gari. Kila Ijumaa aliifunga betri hiyo kwenye baiskeli akaipeleka kuchajiwa kwenye kinu cha unga, ili Jumamosi saa kumi na moja isituaibishe. Babu yake, mtu wa kabila jingine, alikuja huku kutoka upande wa Nyeri zamani sana. Bintiye Wambui, wa kwanza kati ya watoto watatu, alizaliwa papo hapo, na Kipsigis chake, lugha yetu, kilikuwa kizuri kuliko changu. Tulikuwa na miaka tisa sote wawili, na hatukuachana ila wakati wa kulala.

Jina halisi la ile sinema ya mfululizo ya kila Jumamosi hatukulijua. Tuliiita Aranda, jina la shujaa wake, mhunzi aliyevaa kifuani mshipi wa majani uliomkinga na moto, akitembea na mbuzi anayeongea. Ilikuwa upuuzi mtupu, najua, huna haja ya kuniambia. Mawe makubwa yakimwangukia mtu yalidunda kidogo kabla ya kutulia. Joka lilikuwa na zipu mgongoni. Baba yangu, ambaye kila Jumamosi alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia juu ya goti, ndiye aliyeigundua hiyo zipu, na akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilinuna siku mbili. Kwangu joka lilikuwa joka.

Waigizaji waliongea Kiingereza cha mbio, kwa hiyo Baba Wambui alitutafsiria. Mchawi mwenye ndevu za pamba akinguruma, Baba Wambui alisema, "Anauliza kama wamelala vizuri." Mtu akichomwa mkuki, "Huyu amechoka, anapumzika." Katika tafsiri yake hakufa mtu hata mmoja kwa miaka miwili. Hivi karibuni nimezitazama tena zile sinema kwenye simu, na nikuambie tu, walikufa kwa makumi, na yule mbuzi alikuwa na matusi ajabu.

Kisha ikaja Desemba moja, shule zimefungwa, na mambo yakaanza kubadilika bila mtu kutueleza. Wanaume nisiowajua walikuja kwetu mchana, wakasimama na baba kando ya zizi, wakanyamaza mama alipopita na ndoo. Kwenye banda la kupimia majani chai watu walijipanga makundi mawili, na hakuna aliyekuwa amewaambia wajipange hivyo. Mama akaacha kununua chumvi kwa Baba Wambui, akaenda kuinunua mbali, huku akitazama chini. Nilimuuliza kwa nini. Aliniambia nichambue mboga.

Asubuhi moja nikakuta sinendet imefungwa kwenye geti yetu. Huo ni mmea wa kutambaa, na kwetu una heshima yake: huvishwa mshindi, huvishwa vijana wakitoka jandoni, na Desemba ukiuona getini unajua nyumba hiyo ina sherehe. Nilifurahi. Nilipopeleka maziwa niliangalia geti za watu, na kila geti ya watu wetu ilikuwa nayo. Nikasema moyoni, mwaka huu tutakula mpaka tuchoke. Kitu kimoja tu hakikunikaa sawa. Kaka yangu Kipkoech aliichezea kidogo ile ya kwetu, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kupiga, akamzaba kofi.

Jumamosi hiyo nilitaka sana mshipi wa Aranda. Nilimwomba baba kipande cha sinendet huku nimejikunja, nikingoja kofi langu. Aliitazama barabara kwa muda mrefu. Halafu akachukua panga, akakata kipande kirefu kutoka pale pale getini, akanifunga kifuani yeye mwenyewe. Alilikaza fundo mara mbili, akalivuta kuona kama litashika.

"Enda kwa Wambui," akasema. "Pitia mbele ya duka, Baba Wambui akuone vile umependeza. Akikuuliza umetoa wapi, umwambie ukweli."

"Wewe hukuji? Joka liko leo."

"Mgongo inaniuma."

Pale barabarani vijana wanne walikuwa wamekaa juu ya gogo, mmoja akinoa panga kwenye jiwe. Waliacha kuongea nilipovuka. Mmoja alinyoosha mkono kama anayetaka kuniita, mwingine akamshika bega. Nilitembea kwa maringo, kifua mbele.

Baba Wambui alikuwa dukani akipanga sabuni ambazo hakuna aliyekuja kununua. Aliponiona, aliiweka chini ile aliyokuwa ameshika.

"Chebet, hii umetoa wapi?"

"Kwa geti yetu. Kila geti iko nayo. Ni yenu tu haina."

"Na nani amekufunga?"

"Baba."

Alitazama ng'ambo, kwetu. Baba alikuwa bado amesimama pale getini, na panga mkononi. Hawakupungiana mikono. Baba Wambui akafunga mlango wa duka, saa kumi na moja jioni kungali kweupe, akasema, "Sawa. Ingieni ndani, Aranda inaanza."

Siku hiyo mchawi aliuchoma mji. Moshi ulijaza kioo kizima, watu wakakimbia na mizigo vichwani, watoto wakaburutwa kwa mikono. Wambui akauliza wanafanya nini. Baba yake alikaa kwenye kiti cha baba yangu, macho yake dirishani. "Wanapika," akasema. "Kuna karamu. Moshi imezidi, wanatoka nje kidogo." Kutoka chumba cha pili tulisikia mama yake akifungua masanduku na kuyafunga. Sinema ilipoisha nikauvua mshipi nikampa Wambui, kwa sababu ilikuwa zamu yake kuwa shujaa, nikarudi nyumbani kabla ya giza.

Jumapili tulipotoka kanisani duka lilikuwa na kufuli. Hawakuaga. Jumanne adhuhuri, tukiwa shambani, tukaona moshi ng'ambo ya barabara, na mama akanigeuza uso kwenye leso aliyojifunga. Ndani hamkuwa na mtu. Wambui sijamwona tena mpaka leo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimuudhi baba yake kwa kumwambia nyumba yao haina sherehe, na nilimkasirikia Wambui kwa kuondoka kimya.

Nilikuwa tayari mama wa watoto wawili nilipoelewa niliyoyabeba kifuani: ile sinendet ilikuwa alama ya nyumba ambazo hazingechomwa. Nilikwenda nyumbani, nikamkuta baba akichuma chai peke yake, mzee sasa, nikamuuliza moja kwa moja kama alijua nyumba ile itachomwa. Aliendelea kuchuma. Alimaliza mstari mzima, akatupa majani kikapuni, ndipo akasema, "Ulikuwa umependeza sana siku hiyo." Mwaka uliofuata tukamzika.

Najua aliwaokoa watu watano. Najua kama angevuka yeye mwenyewe, wale vijana wangemkata, na nyumba yetu nayo ingeungua. Nampenda baba yangu. Lakini nina binti wa miaka tisa sasa, na nikimtazama akicheza uani nawakumbuka wale wanne kwenye gogo, na yule aliyenyoosha mkono, na baba amesimama getini akihesabu hatua zangu. Hapo sijui kama nimemsamehe.